Pikipiki imegonga, imenyooshwa, sasa inavuta kushoto: ni tairi, shokapu au fremu?

Swali: "Fundi habari za kazi. Naendesha Boxer BM 150 ya mkataba hapa Morogoro, imebaki miezi mitano iwe yangu. Wiki tatu zilizopita gari dogo lilitokea barabara ya pembeni likanikatia, nikaligonga ubavuni, nilikuwa kwenye 40 hivi. Mimi niliumia goti. Pikipiki shokapu za mbele zilirudi nyuma mpaka tairi likakaribia kugusa injini, na rimu ilipinda. Fundi wa kijiweni kwetu alizichoma shokapu kwa gesi akazinyoosha, akaweka rimu mpya. Sasa inavuta kushoto, ikifika 50 usukani unatetemeka, halafu nikigeuza usukani polepole kuna sehemu unanasa pale katikati. Yeye anasema ni tairi nibadilishe. Fundi mwingine anasema fremu imekwisha ninunue ya mtumba, anayo moja ya laki mbili na nusu. Bosi anataka hesabu yake, juzi nimeanza kubeba abiria tena. Nifanye nini?"

Mdogo wangu pole sana kwa ajali, na nashukuru umeeleza vizuri maana wengi wananiandikia "pikipiki haina balansi" basi, nabaki nakisia. Wewe umenipa dalili 3 na kila moja ina chanzo chake.

Ila kabla ya yote, leo hii usibebe abiria, na wewe mwenyewe usiipande. Najua hesabu ya bosi haingoji na najua umekaa nyumbani zaidi ya wiki mbili bila kitu, lakini shokapu iliyochomwa kwa gesi haikupi taarifa kabla ya kukatika, inakatika siku umeshika breki ya ghafla una mama na mtoto nyuma. Hiyo tairi na hiyo fremu tutazizungumza, lakini hizo shokapu hazitakiwi kurudi barabarani hata kama zinaonekana zimenyooka kama rula.

Na mwili wako je? Goti kama bado limevimba au linacheza ukikanyaga baada ya wiki 3, nenda hospitali likapigwe picha, usiliache lipone lenyewe. Kama kichwa kiligonga chini au kwenye gari na unapata kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika au unasahausahau, usingoje kesho. Na helmeti iliyogonga siku ile usiivae tena, ndani kuna ile sponji ngumu ambayo kazi yake ni kubonyea mara moja ili kichwa chako kisibonyee, ikishabonyea hairudi hata kama nje helmeti inang'aa.

Haya tuje kwenye pikipiki. Wasiwasi wako kwa ninavyousoma ni kwamba umeshatoa hela kwa fundi wa kwanza na tatizo lipo palepale, sasa mmoja anakwambia tairi na mwingine anakwambia fremu, na kati ya tairi na fremu kuna tofauti kubwa sana ya hela. Mimi nasema wote wawili wamekupa jibu bila kupima. Inawezekana fremu imepinda, inawezekana haijaguswa kabisa, na kuna njia ya kujua kabla hujatoa hata senti tano.

Fuata njia ya kipigo. Siku ile ulipogonga, nguvu iliingia kwenye tairi, ikapita rimu, spoki, habu (kile kitovu cha gurudumu) na ekseli, ikapanda shokapu, ikafika kwenye ile T ya chini na ya juu zinazoshika shokapu, ikaingia kwenye shina la usukani ambalo limekaa ndani ya koni (vile vikombe vya chuma ambamo gololi zinazunguka) na gololi zake, halafu ndio ikafika kichwa cha fremu, lile bomba fupi la mbele linalobeba usukani, na mwisho mabomba yenyewe ya fremu. Kila kituo kinachopinda kinameza sehemu ya hiyo nguvu, kinachobaki ndio kinakwenda mbele. Shokapu zako zilirudi sana nyuma, maana yake zimemeza nyingi, na hiyo kwako ni habari njema kidogo kwa sababu inaipa fremu nafasi ya kupona. Ila usisahau kutoka ekseli mpaka kichwa cha fremu ni mbali, ni kama unavyochomeka bomba kwenye mkono wa spana ili nati ngumu ifunguke, kipigo cha chini kinafika juu kimezidishwa. Na spidi haihesabiwi kama tunavyodhani, ukitoka 20 kwenda 40 kipigo hakiwi mara mbili, kinakuwa mara nne. Kwahiyo fremu lazima ipimwe hata kama haionyeshi kitu kwa macho.

Kitu kingine ambacho mafundi wako naona hawakukitilia maanani, wewe hukugonga ukuta, umegonga ubavu wa gari linalotembea. Gari lilipokuwa linapita lilibeba tairi lako kwenda nalo pembeni. Kwahiyo pamoja na kurudi nyuma, sehemu ya mbele ilisokotwa. Kusokotwa huku ndio mara nyingi kunaleta kuvuta upande mmoja, na wakati mwingine hakuna kilichopinda hata kimoja, shokapu zimezunguka tu ndani ya mashikio ya T na tairi limebaki linaangalia pembeni kidogo.

Sasa kwa nini kitu kidogo hivyo kinafanya pikipiki nzima ikatae kwenda moja kwa moja? Chukua lile shina la usukani, fikiria umelirefusha kwa mstari mpaka chini kwenye lami. Huo mstari unafika chini mbele kidogo ya pale tairi linapogusa barabara. Maana yake tairi linaburutwa nyuma ya usukani, kama magurudumu madogo ya mkokoteni wa supamaketi yanavyojipanga yenyewe ukisukuma. Hilo pengo dogo ndio linafanya pikipiki ijinyooshe bila wewe kupigana nayo. Shokapu zikipinda kurudi nyuma, pengo linaongezeka na usukani unakuwa mzito. Kichwa cha fremu kikirudi nyuma inakuwa kinyume, pengo linapungua, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na kwenye spidi unaanza kutetemeka. Na tairi la mbele likiwa halipo kwenye mstari mmoja na la nyuma, au limelala upande mmoja kidogo, ndio unapata hiyo kuvuta. Tairi jipya kwenye geometria mbovu litavuta vilevile, labda tu kama tairi lako limepata uvimbe au nyuzi zimekatika siku ya ajali, liangalie, lakini sio la kuanzia.

Dalili ya kunasa katikati ndio rahisi kuliko zote na nina uhakika nayo karibu wote. Zile gololi za usukani zilipopigwa zilichimba vishimo kwenye koni, na kwa sababu wakati unagonga usukani ulikuwa umenyooka, vishimo vimekaa palepale katikati. Sasa kila usukani ukipita pale gololi zinatumbukia. Nyanyua mbele, weka stendi ya kati na kreti la soda au gogo chini ya injini tairi la mbele lielee, halafu geuza usukani kwa vidole viwili taratibu. Ukisikia kituo hapo katikati, koni imekufa. Kuna mafundi watakwambia wailegeze kidogo au waikaze kidogo, hapana, kishimo hakizibwi kwa spana. Inanunuliwa seti nzima, koni za juu na chini pamoja na gololi zake, inapakwa grisi mpya, na wakati zinatolewa hakikisha bakuli za zamani zimetoka zote kwenye kichwa cha fremu na mpya zimeingia zimekaa sawa mpaka chini. Hii peke yake inaweza kukuondolea sehemu kubwa ya huo mtetemo.

Twende shokapu. Nataka uelewe kwa nini gesi ni mbaya ili mtu mwingine asije kukushawishi tena. Lile bomba la ndani la shokapu linalong'aa ni chuma kigumu kilichopakwa kromu. Ukikipiga moto mpaka kiwe chekundu unaondoa ule ugumu wake pale ulipochoma, kinabaki laini, kikipoa kwa kumwagiwa maji ndio balaa zaidi maana kinaweza kuwa kikavu na kukatika kama biskuti. Kromu nayo inachubuka, inakata oili sili (ule mpira unaozuia oili isitoke), unaanza kuona shokapu zinavuja kila wiki. Kama kwenye bomba kuna sehemu imekuwa na rangi ya bluu au kahawia, hapo ndipo moto ulipopita. Kunyoosha shokapu kwa baridi kwenye presi, bila moto, kwa bomba lililopinda kidogo tu na halina mkunjo, hilo linafanyika na mimi nafanya. Lakini bomba lililokunjika mpaka likawa na makunyanzi, au lililopinda kiasi cha tairi kukaribia injini kama lako, hata kwenye presi nisingelinyoosha. Yako ni ya kutupa. Na ukiyatoa yakate vipande na msumeno kabla ya kuuza chuma chakavu, yasije yakaonekana mazima yakauzwa kwa kijana mwingine.

Sio lazima ununue shokapu kamili. Mara nyingi unabadilisha mabomba ya ndani mawili na oili sili, ile mikono ya chini ya alumini inabaki kama haina ufa, hasa iangalie pale ekseli inapopita na pale kile kishikio cha breki kinapokaa. Oili ya shokapu iwe kipimo sawa kushoto na kulia, na iwe oili ya shokapu, sio oili chafu iliyotolewa kwenye injini.

Ukishapata mabomba mapya usiyafunge harakaharaka. Hapa ndipo T inapopimwa. Ingiza mabomba kwenye T zote mbili, kaza kidogo, halafu chukua kipande cha kioo kilichonyooka na ukilaze juu ya mabomba yote mawili kwa pamoja, pale katikati ya T ya juu na ya chini, kisha chini ya T ya chini. Kioo kikikaa kimya bila kucheza, mabomba yako sambamba na T ni nzima. Kikichezacheza kama meza yenye mguu mfupi, legeza bolti za T, zungusha mabomba mpaka kioo kitulie. Kama hakitulii hata ufanyeje, T ya chini imepinda au shina lake limepinda. Hiyo hainyooshwi, haichomelewi, inabadilishwa tu, kwa sababu ndiyo inayoshika kila kitu cha mbele na ikikatika huna namna ya kujiokoa.

Kuna jambo kuhusu rimu yako nataka ulitazame kabla hata hujanunua kitu kingine. Nilishaletewa pikipiki na dereva aliyekuwa ameshanunua shokapu mpya mbili, koni, tairi, na bado inavuta, amekata tamaa kabisa. Nilipoipima nikakuta fundi aliyefunga rimu mpya alizikaza spoki rimu ikakaa upande mmoja, haikuwa katikati ya habu. Rimu inazunguka vizuri haiyumbi hata kidogo, lakini imehamia pembeni. Tulizilegeza spoki na kuzikaza upya kwa mpangilio, basi, ikaenda moja kwa moja. Alikuwa ameshatumia hela ambayo kwa dereva wa mkataba inauma sana, na ilinikaa moyoni. Kwahiyo rimu yako pia izungushe hewani, funga waya kwenye shokapu ncha ikaribie ukingo wa rimu, uone kama inakwenda kulia na kushoto, au inapanda na kushuka. Ikiyumba zaidi ya milimita 2 hivi inarudi kwa fundi wa spoki. Halafu pima kutoka ukingo wa rimu mpaka shokapu ya kushoto, na mpaka ya kulia, ziwe sawa. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo, zote zinatakiwa ziwe na mlio unaokaribiana, inayolia butu imelegea.

Baada ya hapo ndio uzi. Nunua uzi wa mwashi ule mrefu, uzungushe nyuma ya tairi la nyuma, juu kiasi ambacho hautagusa stendi wala futiresti, vuta ncha zake mbili mpaka mbele ya tairi la mbele, mmoja kushoto mmoja kulia, kila uzi uguse tairi la nyuma sehemu mbili, nyuma na mbele yake. Usukani uwe umenyooka. Tairi la mbele ni jembamba kuliko la nyuma kwahiyo patabaki nafasi kati ya uzi na tairi, hiyo nafasi iwe sawa pande zote. Ikiwa haiko sawa, kwanza angalia zile alama za kukazia cheni kule nyuma, mara nyingi kushoto iko namba 3 na kulia iko namba 4 na tairi la nyuma ndilo linaloangalia pembeni, wala sio la mbele. Rekebisha hilo, pima tena. Halafu chuchumaa nyuma hatua kama 10 utazame matairi mawili, yasimame sambamba yote, au tumia timazi ya mwashi kama una wasiwasi na macho yako. Moja likiwa limelala na jingine limesimama wakati T na shokapu ni nzima, hapo sasa nakubaliana na yule fundi wa pili kwamba tuiulize fremu.

Fremu inasema yenyewe ukijua pa kutazama. Toa tenki, ni bolti chache tu. Safisha kichwa cha fremu kwa mafuta ya taa, angalia pale mabomba yanapoungana na kichwa, hasa lile la mbele linaloshuka kwenda injini. Rangi iliyopasuka kama mistari midogo, kutu mpya kwenye sehemu ambayo haikuwa na kutu, kimkunjo kidogo au bomba limekuwa bapa kidogo, hizo zote ni dalili. Kuna mbinu ya zamani ya kutafuta ufa, paka mafuta ya taa pale unapopashuku, subiri, futa pakauke kabisa, halafu paka chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Angalia pia vile vizuizi vya usukani, vile vijipande vinavyozuia usukani usizunguke zaidi, kama kimoja kimepondeka au kimekatika, ujue kipigo kilifika mpaka pale.

Halafu pima, na hapa una bahati kuliko fundi mwenye mashine. Kijiweni kwenu hakukosekani Boxer nyingine kama yako ambayo haijawahi kugonga. Mwombe mwenzako dakika 20. Chukua futi, pima kutoka chini ya kichwa cha fremu mpaka katikati ya bolti ya swingamu (ule mkono unaoshika tairi la nyuma), kushoto na kulia. Pima kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma pande zote mbili, marekebisho ya cheni yakiwa sawa kwenye pikipiki zote, ila hiki cha ekseli kinaihukumu fremu pale tu T na shokapu zikiwa nzima, maana shokapu zilizopinda nazo zinakifupisha. Andika kwenye karatasi, ya kwake na ya kwako. Tofauti ya milimita 2 au 3 inaweza kuwa ni futi au mkono wako, pima tena. Ikiwa ya kwako ni fupi kwa sentimita nzima, au kushoto na kulia zinapishana wakati za mwenzako hazipishani, fremu imeguswa.

Ikiguswa, chaguo ni haya na niseme ukweli hakuna zuri sana. Kama kichwa kimehama kidogo bila mkunjo wala ufa, kuna karakana zenye presi na meza ya chuma ya kuifungia fremu ambazo zinaweza kuvuta kwa baridi, injini ikiwa imetolewa, huku wanapima. Kwa Morogoro anzia kuulizia chuo cha ufundi cha VETA au SIDO, wale wa viwanda vidogo, hata kama wao hawafanyi watajua nani anafanya. Fundi anayesema atafunga mnyororo kwenye mti avute kwa gari, au atapiga moto kichwa cha fremu, mshukuru uondoke. Kama kuna mkunjo au ufa pale kichwani, inabadilishwa. Kiraka cha kuchomelea pale kinashika leo, kinapasukia pembeni yake kesho kutwa, kwa sababu chuma cha jirani ndicho kilichochoka.

Na hiyo fremu ya mtumba ya laki mbili na nusu, taratibu sana. Namba ya chesisi imepigwa kwenye kichwa cha fremu, na hiyo namba ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya pikipiki ya TRA. Ukibadilisha fremu, pikipiki na kadi havifanani tena, siku trafiki akikagua unaonekana umeiba au umenunua ya wizi. Na pikipiki sio yako bado, kadi ni ya bosi, kwahiyo huwezi hata kuamua peke yako. Kama itabidi, bosi mwenyewe aende TRA na polisi aulize utaratibu kabla ya kununua, muuzaji atoe kadi ya ile fremu na muuziane kwa maandishi. Asiyetaka kutoa kadi, hiyo fremu iache hapohapo. Mtu kusugua namba na kupiga nyingine ni kosa la jinai, usikubali. Na hiyo fremu uipime pia, maana swali la kwanza ni kwa nini pikipiki yake ilivunjwa ikauzwa vipande. Ukinunua T au shokapu za mtumba vilevile, tafuta za pikipiki iliyokufa injini au iliyogongwa nyuma.

Vingine ambavyo havikupigiwa kelele ila vinaua. Breki yako ya mbele ni ya dramu, na ile sahani ya breki ina mfereji unaotakiwa kuingia kwenye kishikio cha shokapu. Fundi akifunga tairi akasahau kuiingiza, siku ukishika breki sahani inazunguka na tairi na linafunga ghafla. Hakikisha kwa macho yako kila tairi linapotolewa. Geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto injini ikiwa inaunguruma, mlio usipande, ukipanda waya wa mafuta umebanwa. Nyaya za umeme pale kwenye kichwa cha fremu zikague kama hazijachubuka. Futiresti ikipinda kidogo inakandamiza pedeli ya breki ya nyuma na breki inabaki imeshika bila wewe kujua. Injini kwa kuwa imeshatembea siku kadhaa naamini ni nzima, tazama tu kiwango cha oili na kama hakuna ufa kwenye kava. Siku nyingine pikipiki ikianguka ikalala ubavu muda mrefu usiiwashe papo hapo, toa plagi upige kiki mara kadhaa kwanza maana oili inaweza kuwa imepanda kwenye silinda.

Kuhusu hela. Hukusema kama ajali iliripotiwa. Kama gari lilitoka barabara ya pembeni likakukatia na polisi wameona kosa ni la dereva wa gari, bima yake, hata ile ndogo ya lazima, ndiyo inayotakiwa kulipia matibabu yako, na pikipiki pia uliza kama inalipiwa. Wiki 3 sio nyingi, nenda kituo iliporipotiwa, ulizia jalada limefika wapi, na kama ulitibiwa kwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nakala yake itunze. Kama madai bado yako wazi, zile shokapu usizikate kwanza, piga picha, mwonyeshe mkaguzi wa bima, ndio uzikate. Rimu ya zamani pia kama bado ipo itafute.

Bosi naye mwendee na ile karatasi ya vipimo. Nimeona mabosi wengi wagumu wakielewa wakionyeshwa namba na kioo kinavyocheza juu ya shokapu, kuliko kuambiwa "bosi pikipiki mbovu". Mwambie hesabu isimame siku hizi za matengenezo na ziongezwe mwisho wa mkataba, muandike wote wawili, kwa sababu pikipiki ikikatika shokapu barabarani anayepoteza mali ni yeye.

Kwa mpangilio wa matumizi ningeanza na yasiyo na gharama, yaani uzi, vipimo vya fremu na kuangalia rimu kama iko katikati. Fremu ikiwa nzima, nunua mabomba ya shokapu na sili zake pamoja na seti ya koni kwa wakati mmoja maana kazi ya kufungua ni ileile. Fremu ikiwa mbovu usinunue chochote kwanza, kaa na bosi mpige hesabu kama inastahili kutengenezwa au iuzwe vipande na mkataba mzungumze upya.

Siku ya kuijaribu tafuta barabara tupu asubuhi, peke yako, helmeti nzima. Nenda 20, shika breki ya mbele taratibu, halafu 30, halafu 40, mikono iwe laini kwenye usukani lakini usiuachie. Ukisikia mtetemo unaanza usiongeze spidi uone kama utaisha, punguza taratibu rudi. Baada ya kilomita 100 hivi koni mpya itakuwa imekaa na italegea kidogo, nyanyua mbele, shika shokapu kwa chini uzisukume na kuzivuta, zikigonga kwa juu kaza kidogo. Kaza na spoki pia.

Ukishapima, nitumie vile vipimo vya Boxer mbili na picha ya kichwa cha fremu bila tenki, tenki likiwa limetolewa kabisa, sio limesogezwa. Nikiona mkunjo nitakwambia. Lakini kama kwenye chaki umeona mstari, hata kama ni mfupi kama ukucha, usingoje jibu langu, isukume kwa miguu mpaka karakana wakaione kwa macho.